Nimesema kweli ya Doha, sasa Lamu yanilaumu. Nirudishe maneno yangu?

Swali: "Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu, nina miaka 34. Tangu mwanzo wa 2018 niko Doha, kazi ya ulinzi. Mwaka huu nimekuja likizo ya Maulidi baada ya miaka mitatu bila kufika nyumbani. Usiku mmoja tumekaa barazani, vijana wakaniuliza Doha kukoje. Wawili wao tayari wanatafutiwa viza. Nikawajibu kweli: mshahara waingia benki, mji una amani, lakini shifti ni saa 12, tunalala watu 6 chumba kimoja, mwaka wangu wa kwanza wote uliishia kulipa deni la ajenti, na miaka yote hiyo sijaalikwa kwa mwenyeji hata kikombe cha kahawa. Nikasema mwenye riziki yake hapa, hata ndogo, asiende. Nikasema pia tatizo letu Lamu ni kushinda barazani tukingoja kupewa. Kumbe mmoja alikuwa akirekodi. Asubuhi sauti yangu iko kwenye kila kundi la WhatsApp. Ajenti asema nawazibia wenzangu riziki. Ami yangu ameniita mbele ya watu akaniambia mkataa kwao ni mtumwa. Wenzangu wawili wa Doha wamenitumia ujumbe kwamba nimewaaibisha, na kama mimi nimeshindwa niseme yangu. Rafiki yangu wa tangu madrasa hapokei simu. Mama hakusema kitu, ila siku nne sasa aniandalia chakula kisha huondoka bila kukaa nami. Narudi kazini baada ya wiki tatu. Silali. Niombe radhi? Nitoe sauti nyingine nijieleze? Au ninyamaze? Kila nilichosema ni kweli."

Mwanangu, nianze na sentensi yako ya mwisho, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Kila ulichosema ni kweli. Nakuamini. Nimekaa miaka mingi, Lamu na Malindi, na watu waliorudi kutoka Doha, Jiddah, Dubai na Muscat, na wengi wamenisimulia mambo yanayokaribia sana na yako. Lakini hebu yapitie malalamiko yaliyokufikia, moja baada ya jingine. Hakuna aliyesema shifti si saa 12. Hakuna aliyesema chumba kina watu wawili. Hata ajenti hakusema hukulipa deni. Umesimama kuutetea ukweli ambao hakuna aliyeushambulia, ndiyo sababu kila ukijieleza unaona maneno hayafiki.

Jambo la pili nilirekebishe mapema. Wasema Lamu yakulaumu. Nimewahesabu waliomo kwenye barua yako: mama, ami, ajenti, wenzako wawili, na rafiki wa madrasa. Watu 6. Sauti ikishazunguka kwenye simu, mwenye sauti huona kila anayempita pale uwanja wa Mkunguni ameisikia, na kila anayecheka chini ya mti ule anamcheka yeye. Ni hali ya kawaida ya mtu aliyefedheheka, na inachosha kweli. Lakini hao 6 unawajua kwa majina, na kila mmoja ameumia mahali pake. Ukiwajibu kwa pamoja hutamjibu hata mmoja.

Sasa tuangalie kilichotokea usiku ule. Kwetu, mtu akiulizwa "Habari za safari?" hujibu "Njema". Hata kama chombo kilipigwa na mawimbi, hata kama amerudi na homa, njema hutangulia. Anayeuliza naye anajua kwamba habari hazijaisha. Anamkaribisha, anamletea maji, watu wanapungua, ndipo msafiri anapovuta pumzi akasema, "Njema, ila..." Vijana wengi waliokaa ng'ambo huniambia adabu hii ni unafiki. Mimi nimekuja kuiona kuwa ni mpangilio wa nani asikie lipi na lini. Njema ni ya njiani. Ila husemwa ndani, mlango ukisharudishwa. Mji ulioishi karne nyingi kwa kungoja upepo wa kusi vyombo viende Uarabuni na wa kaskazi virudi ulihitaji mpangilio huo, kwa sababu kila baharia aliyeshuka alikuwa na habari za waliobaki, na si habari zote zilifaa kusikiwa na mke wa mtu pale forodhani.

Wewe kwa miaka yako yote ya Doha uliwapa watu wako njema tupu. Kisha ila zote ukazitoa kwa mkupuo, usiku mmoja, barazani, na simu ikazipeleka zisikostahili kufika. Kurekodi hukurekodi wewe, na aliyerekodi bila kukwambia amekukosea, nitarudi kwake. Ila zilikuwa zimerundikana muda mrefu mno, na hilo lilikuwa mikononi mwako.

Tuanze na mama, na hapa nitakaa.

Kama wewe ni kama wengi ninaozungumza nao, kila ulipompigia ulimwambia hujambo, kazi nzuri, asiwe na wasiwasi. Ulimficha kwa kumpenda. Pesa ulizotuma alizipokea akidhani zatoka mahali pepesi. Alilipia hospitali, akatengeneza dari, akatoa sadaka, labda akaringa kidogo harusini kama mama yeyote mwenye mtoto Uarabuni. Asubuhi moja akasikia kwenye simu ya jirani kwamba pesa zile zilitoka kwenye chumba cha watu 6. Hapo alijua mambo mawili kwa wakati mmoja: mwanawe ametaabika yeye akiwa hana habari, na watu wa mtaa wamejua kabla yake. Na kuna la tatu, ambalo mama wa Lamu hatalitoa kinywani: anahisi kana kwamba miaka yote hiyo amekula taabu yako. Sasa hebu mtazame anavyokuandalia sinia kisha asiweze kukaa ule mbele yake.

Kwa hivyo kwake usianze na Doha. Usimweleze kwamba ulikuwa unawasaidia vijana, wala kwamba rekodi ilikatwa. Mngoje baada ya isha, wageni wakiwa wameondoka, umwambie maneno yanayofanana na haya: "Mama, uliyoyasikia ilipasa uyasikie kwangu, tena zamani. Nilikuficha kwa sababu sikutaka ulale na wasiwasi. Nisamehe kwa hilo. Sasa niulize utakacho." Kisha unyamaze. Huenda akanyamaza na yeye, muda mrefu. Ukivumilia, ataanza kukuuliza mambo madogo: ulikuwa ukila nini, nani alikufulia, uliwahi kuumwa ukalala peke yako. Yajibu hayo madogo yote mpaka mwisho, maana ndiyo aliyonyimwa. Na akigusia pesa, usimwambie "si kitu, mama". Mwambie zilifanya kazi uliyotaka zifanye, na kwamba kila ulipochoka uliikumbuka dari ile. Kama ni kweli, mwambie.

Nalijua hili kwa kuwa limenipata. Nilikaa Muscat miaka minne, nikiwa mke wa mtu, na niliporudi nilimweleza shangazi yangu mambo ambayo mama sikumweleza. Mama akayasikia msibani, kwa mtu wa mbali. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba hakuwa amekasirishwa na niliyoyasema.

Wenzako wa Doha ni habari nyingine. Wewe uliingia mwanzo wa 2018. Wakati ule mfanyakazi wa kigeni Qatar alihitaji ridhaa ya mwajiri kubadilisha kazi, hata kutoka nchini. Ruhusa ya kutoka iliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwishoni mwa mwaka huo huo, na wale wa majumbani wakafuata Januari 2020. Sharti la barua ya mwajiri kwa anayetaka kuhama kazi lilifutwa Septemba 2020. Kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula iwapo mwajiri havitoi vyenyewe, kilianza Machi 2021. Sheria kuandikwa ni jambo moja na sheria kufuatwa ni jingine, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Lakini kama wenzako walifika 2022, waliingia nchi yenye jina lile lile na masharti mengine. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, wazee walisema; nami naongeza kwamba hata waliolala nyumba moja, kila mmoja alilala mwaka wake. Ukisema "Doha iko hivi", wao wanaisikia Doha yako ikiwekwa juu ya yao.

Kuna na jambo la ndani zaidi. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwaita wanafunzi 63 wa kike wajiunge na kikundi cha mazungumzo. Baadhi yao, kabla ya kukubaliwa, walilazimishwa kusoma kwa sauti maneno ya kuaibisha mbele ya mtafiti. Wengine walisoma maneno mepesi, na wengine hawakusoma chochote. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo ya kikundi, yaliyotungwa makusudi yawe ya kuchosha. Walioyasifu zaidi ni wale walioaibishwa zaidi mlangoni. Ndivyo akili inavyofanya kazi: tukilipa kwa uchungu ili tuingie mahali, ni vigumu sana kukiri kwamba mahali penyewe hapakustahili bei ile, na hatudanganyi kwa makusudi; macho yenyewe huanza kuona uzuri. Mwenzako aliyeuza dhahabu za mkewe kulipia viza hawezi kukusikia ukisema "mwenye riziki yake asiende" asisikie ndani yake "wewe ulipumbaa".

Lakini, mwanangu, wana haki katika jambo moja, na nataka uwape haki hiyo. Ulisema "tunalala watu 6". Hukusema "nalala". Kwa herufi mbili tu umewaingiza kwenye ushahidi ambao hawakuombwa. Mama zao nao wana simu. Wake zao nao, usiku ule ule, wamepiga kuuliza: mbona wewe ulituambia una chumba chako? Ulipoitoa siri yako uliitoa na yao. Kwa hivyo wakikwambia "sema yako", wamepatia kabisa. Wapigie mmoja mmoja, kwa simu, si kwa ujumbe. Waambie: "Nilisema tu-, ilipasa niseme ni-. Kwa hilo nisamehe. Yaliyonipata mimi siwezi kuyafuta, lakini yako ni yako kuyasema au kuyaacha." Mmoja ataelewa upesi. Mwingine huenda akachukua muda mpaka mkutane huko, na si lazima umbembeleze.

Ami yako na rafiki yako wa madrasa sidhani kama waliumizwa na Doha hata kidogo. Waliumizwa na ile sentensi ya mwisho, ya kushinda barazani tukingoja kupewa. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakujali.

Katika maneno yako ya usiku ule mna vitu vya aina mbili. Shifti ya saa 12, watu 6, deni la mwaka mzima, kahawa usiyoalikwa: hayo uliyaona na kuyaishi, wewe ni shahidi wake. "Tatizo letu Lamu ni kungoja kupewa" ni hukumu, tena umeitoa kwa mji ambao miaka mitatu ulikuwa hujaukanyaga. Shahidi hana haja ya kurudi nyuma. Mtoa hukumu yafaa asikilize upande wa pili, na wewe hukuusikiliza. Unaijua hali waliyoipitia hapa? Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 kaunti iliwekewa amri ya kutotoka usiku, na watu waliokula kwa watalii na kwa bahari ya usiku waliiona njaa. Mwaka ule ule ulioondoka wewe, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Hao walikwenda mahakamani, wakapigania haki yao miaka. Mtu aliyepokonywa mahali pake pa kuvulia, ukimkuta barazani saa nne asubuhi, usimwambie anangoja kupewa. Rafiki yako ana baba au ndugu aliyekuwa na mshipi au jarife baharini? Mkumbuke, kisha uisikilize tena rekodi yako kwa masikio yake.

Nasema haya pia ili usijione mtu mwovu. Ukali wa anayerudi nyumbani umechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliwachunguza Wanorwe waliokwenda kusoma Marekani, akaona furaha ya ugenini huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena. Mwaka 1963 mtu na mkewe, Gullahorn, wakaongeza kwamba mchoro huo hurudiwa safari ya kurudi: mtu hufurahi wiki ya kwanza nyumbani, kisha huanguka. Kila kitu humuudhi. Punda njiani, ahadi za "kesho inshallah", watu wanaoishi maisha yale yale aliyoyaacha. Kumbe aliyebadilika ni yeye, na mahali alipopakumbuka kila usiku kitandani Doha hapapo. Sauti yako ilirekodiwa katika siku za kuanguka. Ungeulizwa siku ya kwanza ungesema mengine, na baada ya miezi miwili ungesema mengine tena.

Kwa ami yako nenda mwenyewe, nyumbani kwake, keti pale dakani usubiri uitwe. Alikukosea kukusema mbele ya watu, na neno mtumwa katika mji wetu si neno jepesi, lina makovu. Bado wewe ndiye mdogo, na wewe ndiye uliyeanza barazani. Mwambie, "Ami, la Doha nililisema kwa kuwa nimeliona. La Lamu nimekosea, nimelisema kabla ya kuuliza." Ukisema hivyo bila kuongeza "lakini", nafikiri atakuuliza mwenyewe, chini kwa chini, juu ya chumba na deni. Wazee wetu wengi waliwahi kufanya kazi ughaibuni, na wana ila zao ambazo hawajazisema mpaka leo.

Ajenti sina maneno mengi juu yake. Ana biashara, umeigusa, amepiga kelele. Usimjibu, usimtaje, usimwite mwizi hata faraghani, kwa sababu kesho litarudi kwako kama kesi. Ila lile neno lake la kuziba riziki limekuchoma, naona, kwa hivyo nilipime. Vijana walikutaka ushauri. Katika malezi yetu, anayetakwa ushauri amewekewa amana. Mtu mwenye kujua angewapambia mambo, angeikhini amana hiyo. Hapo hukukosa. Ulipowaambia "asiende", hata hivyo, ulivuka ushauri ukaingia kwenye amri, na amri hiyo haiendani na maisha yako mwenyewe, kwa maana wewe unarudi baada ya wiki tatu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kwa hesabu za Benki Kuu. Ziko nyumba hapa zinazokula kwa kuwa mtu mmoja alikwenda, yenu ikiwemo. Vijana wanaijua hali hiyo, ndiyo maana neno "asiende" haliwasaidii.

Kinachowasaidia ni hesabu. Wawili wale wanaotafutiwa viza waite faragha kabla hujaondoka. Waonyeshe kwa kalamu: ajenti alinitoza kiasi hiki, mkataba niliosaini hapa ulisema hivi na nilioukuta kule ulisema vile, mwezi wa kwanza mkononi nilibakiwa na hizi, deni liliisha mwezi wa kumi na mbili. Waambie wahakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba wakala ana leseni kabla hawajatoa hata shilingi, wasome mkataba wakiwa bado hapa, nakala za pasipoti na mkataba zibaki nyumbani kwa mtu wanayemwamini. Waambie na mazuri, yale uliyoyapita haraka: mshahara unaoingia benki, mji unaoweza kutembea usiku bila hofu. Kisha waache waamue. Wakienda, watakwenda macho wazi.

Sasa maswali yako matatu uliyouliza wazi. Sauti nyingine ya kujieleza: usitoe. Najua mkono wako unawasha. Sauti ya kwanza iliumiza kwa sababu ilifika kwa kila mtu kwa namna moja, na ya pili itakuwa na dosari ile ile. Mama atakuwa amesikia tena kwenye simu ya jirani. Kuomba radhi kwa wote, urudishe maneno yako: hilo lingekuwa uongo, na vijana wawili wangepanda ndege kwa uongo huo. Kunyamaza ndiyo njia ninayoiheshimu zaidi kati ya hizo tatu. Mbele ya makundi ya WhatsApp na mbele ya ajenti, nyamaza kabisa. Baada ya muda kutakuwa na posa au msiba au boti iliyozama injini, na watu wataizungumza hiyo. Kwa mama, kwa ami, kwa rafiki na wale wawili wa Doha, ukimya utaganda, na utarudi kazini ukiwa umeubeba.

Aliyerekodi mtafute, bila hasira. Mwombe afute, na awaombe wenye makundi wafute. Hataimaliza, lakini ni haki yako kuomba, na sababu ya kuomba haraka ni hii ninayoandika sasa, ambayo naomba uisome mara mbili.

Kusema maoni yako Lamu na kuyasema Qatar si sawa mbele ya sheria. Sheria iliyoongezwa huko Januari 2020 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 au faini ya hadi riyali 100,000 kwa anayesambaza habari zinazohesabiwa kuwa za uongo au za upendeleo kwa nia ya kudhuru maslahi ya nchi, na maneno hayo ni mapana. Mei 2021 mlinzi Mkenya, Malcolm Bidali, aliyekuwa akiandika kwa jina la kubuni juu ya maisha ya wafanyakazi wahamiaji, alikamatwa Doha, akazuiliwa takriban mwezi mmoja, na baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Uliyoyasema wewe barazani ni madogo ukilinganisha, na sikuandikii ili uogope kila kivuli. Lakini hukunieleza kama katika rekodi ulitaja jina la kampuni, la msimamizi au la mtu yeyote. Kama ulitaja, usisafiri kabla hujaongea na wakili au hujawauliza watu wa ubalozi wa Kenya Doha. Kama hukutaja, usiisambaze, usiihifadhi kwenye simu utakayosafiri nayo, na ukifika kule usiizungumze kazini hata kwa mzaha. Huko sema njema tu.

Usingizi nao. Siku nne za kulala vibaya baada ya fedheha kama hii ni jambo la kutarajiwa. Mwili hauachi kujiandaa kwa vita mpaka uone vita imekwisha, na ukimaliza na mama nafikiri nusu yake itaondoka. Kahawa ya usiku iache, simu ilale chumba kingine. Lakini ukifika wiki mbili bado hulali, huna hamu ya kula, moyo unakwenda mbio bila sababu, au ukianza kuona afadhali usingekuwepo, usingoje siku ya safari. Nenda Hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu uwaeleze, au piga 1199, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyotozwa. Hali hiyo haitoki kwa kusameheana tu, na kwenye chumba cha watu 6 ni vigumu zaidi kuitibu. Na ikiwa mama atakataa kuzungumza hata baada ya kumwendea mara mbili, mtafute mtu mzima anayemheshimu, khalati yako au imamu wa mtaa, aketi baina yenu.

Mimi huwa Lamu Jumanne na Jumatano, siku nyingine niko Malindi. Una wiki tatu. Ukija, njoo na mama kama ataridhia. Kama hataridhia, njoo peke yako, ila uwe umeshakaa naye kwanza.